Kuruka Bila Ushahidi Si Rekodi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo nimeyaona kwa macho yangu mawili, si dukani wala benki, bali kwenye shimo la mchanga la shule yetu.

Ilikuwa siku ya michezo mwaka jana. Mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa sababu bado ananinunia kidogo, alikuwa akishindana kuruka mbali. Kando ya shimo palisimamishwa bendera ndogo ya kuonyesha rekodi ya shule, ile iliyoandikwa ubaoni tangu sisi hatujazaliwa. Basi akaja mbio, akakanyaga ubao sawasawa, akaruka, akatua mbele ya bendera ile! Mwamuzi akainua bendera nyeupe, yaani mruko ni halali. Jamani, kelele zilizozuka hapo! Wasichana walipiga vigelegele, wavulana wakaingia uwanjani kumbeba juu juu. Nami niliyekuwa kwenye zamu ya kushika reki, kwa furaha isiyo na akili, nikaingia shimoni nikausawazisha mchanga. Mwalimu alipofika na tepu ya kupimia, hakuna alama. Shimo lilikuwa safi kama ukurasa mpya.

Shule nzima iliona. Mwamuzi aliona. Lakini ubaoni hapakuandikwa kitu, maana hakuna aliyeweza kusema ni mita ngapi na sentimita ngapi. Mwenzangu alilia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni ile mwalimu wetu wa Fizikia alinikuta nimekaa peke yangu chini ya mwembe. Akaniambia, "Kijana, kama ungekuwa mwangalizi wa glaida, leo ungepokonywa kazi." Nikamwuliza, "Mwalimu, glaida ni nini?" Hapo ndipo makala haya yalipozaliwa. Nimesoma na kuuliza maswali mengi tangu siku hiyo, na ningependa kuwaeleza jinsi watu wanaoruka angani bila injini wanavyothibitisha safari zao. Kiswahili chetu kina ujanja wake: kuruka mchangani ni kuruka, na kuruka angani pia ni kuruka. Na kumbe sheria nazo zinafanana!

GLAIDA NI NINI?

Glaida ni ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu na membamba. Huvutwa na ndege nyingine yenye injini, au hukokotwa na mashine ya waya iliyo ardhini, mpaka ipate kimo. Halafu kamba inaachiliwa na rubani anabaki na upepo na akili yake tu.

Sasa mtu atauliza, mbona haianguki? Inashuka, lakini polepole sana. Glaida nzuri ya siku hizi inaweza kwenda mita 40 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, na zingine hupita hapo. Na ikikutana na hewa moto inayopanda kutoka ardhini, inazunguka humo humo na kupanda nayo. Sisi wa Kinakomba tusijifanye hatujui jambo hili. Nenda nje saa sita mchana, wakati jua limechoma mchanga, uangalie tai wanavyozunguka juu ya mto Tana bila kupiga bawa hata mara moja. Wanapanda, wanapanda, mpaka wanakuwa nukta. Ile ndiyo glaida ya Mungu.

Mwanasayansi Mwingereza, Colin Pennycuick, ambaye aliwahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwafuata tai wa Serengeti huko Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa ndani ya glaida yenye injini ndogo ya kujisaidia. Alitaka kujua wanavyosafiri mbali kutafuta mizoga bila kuchoka. Na hapa kwetu Kenya, klabu iitwayo Gliding Club of Kenya iliruka kwa miaka mingi kutoka Mweiga karibu na Nyeri, katikati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kwa hivyo mambo haya si hadithi ya Ulaya peke yake.

BEJI NA REKODI

Mchezo huu unasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Angani, FAI, lililoundwa Paris mwaka 1905 na ambalo leo makao yake yako Lausanne, nchini Uswisi. Shirikisho hilo lina kitabu cha sheria, na sehemu ya tatu ya kitabu hicho ni ya glaida.

Rubani anayeanza kukomaa hutafuta beji ya Fedha. Ili aipate, ni lazima atimize mambo matatu akiwa peke yake ndani ya ndege: akae angani saa 5; apande mita 1,000; na asafiri hadi mahali palipo angalau kilomita 50 kutoka alikoanzia. Si lazima yote matatu ayafanye siku moja. Baadaye inafuata beji ya Dhahabu, ambayo inadai kupanda mita 3,000 na kusafiri kilomita 300. Halafu kuna Almasi tatu: kupanda mita 5,000, kusafiri kilomita 500, na kukamilisha safari ya kilomita 300 ambayo njia yake ilitangazwa kabla ya kuondoka.

Juu ya beji ziko rekodi. Mwaka 2003 Mjerumani Klaus Ohlmann alisafiri zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku moja huko Ajentina, akitumia mawimbi ya upepo wa milima ya Andes. Mwaka 2018, katika nchi hiyo hiyo, Jim Payne na Tim Gardner walipanda kwa glaida iitwayo Perlan 2 hadi zaidi ya kilomita 22 juu. Ndege za abiria tunazoziona zikipita na kuacha mstari mweupe hufika karibu nusu tu ya hapo. Wao huruka kama kilomita 10 hadi 12 tu.

Hapa ndipo swali linapokuja. Kule juu hakuna mtu. Hakuna mwamuzi mwenye bendera nyeupe wala wasichana wa kupiga vigelegele. Rubani akishuka na kusema "nimefika", tutamwaminije?

NGUZO NNE ZA USHAHIDI

Kwa jinsi nilivyoelewa, ushahidi wa glaida umesimama juu ya nguzo nne kama kitanda. Ukivunjika mguu mmoja, kitanda kinalala upande.

Nguzo ya kwanza ni TAMKO. Kama safari ni ya njia iliyopangwa, rubani huandika kabla ya kupaa: tarehe, jina lake, aina ya ndege na namba yake, mahali atakapoanzia, vituo atakavyogeukia na mahali atakapomalizia. Akishapaa hawezi kubadilisha. Kwa nini? Kwa sababu mtu yeyote anaweza kutupa jiwe, halafu aende achore duara pale lilipoangukia na kusema, "Mnaona shabaha yangu?" Tamko linachora duara kwanza.

Nguzo ya pili ni MWANGALIZI RASMI. Huyu ni mtu aliyeidhinishwa na chama cha nchi. Yeye huhakikisha kwamba aliyeingia ndani ya ndege ni yule anayedai, kwamba ndege ni ile iliyoandikwa, na kwamba saa ya kupaa na ya kutua ni za kweli. Hawezi kuwa rubani mwenyewe wala abiria katika ndege hiyo. Akitia sahihi jambo la uongo, anapokonywa kazi. Ndiyo sababu Mwalimu alinitania vile chini ya mwembe. Mwangalizi hashangilii kwanza. Anaangalia kwanza, anaandika, ndipo ashangilie.

Nguzo ya tatu ni KIPIMO. Zamani walitumia barografu, chombo chenye ngoma ndogo inayozunguka kwa mtambo wa saa. Karatasi ya ngoma hiyo ilipakwa masizi ya moshi, na sindano ilikuwa inakwaruza mstari: ndege ikipanda mstari unapanda, ikishuka unashuka. Kuonyesha kwamba amefika kituo cha kugeukia, rubani alipiga picha akiwa angani. Filamu ilikuwa inakaguliwa nzima bila kukatwa, ili picha ya tamko, picha za vituo na picha ya ndege iliyotua zionekane zikifuatana kwenye ukanda mmoja. Ukiikata, mtu atasema umechanganya safari mbili.

Siku hizi kuna kinasasafari, kisanduku kidogo kinachopokea ishara za setilaiti. Kila baada ya sekunde chache kinaandika ndege iko wapi, iko juu kiasi gani na ni saa ngapi. Kama glaida ina injini ya kujisaidia, kinasa hicho husikiliza hata kelele zake, ili rubani asiwashe injini kisiri halafu adai alibebwa na upepo. Tazama watu walivyowaza mbali!

Nguzo ya nne ni MUHURI. Barografu ilikuwa inafungwa na kutiwa muhuri na mwangalizi kabla ya safari, na ni yeye aliyeifungua baadaye. Kinasasafari cha leo kina swichi ndogo ndani. Ukikifungua kwa bisibisi, kinapoteza ufunguo wake wa siri, na faili zake hazikubaliki tena. Faili yenyewe ina sahihi ya siri mwishoni. Ukibadilisha tarakimu moja tu, labda 4 iwe 5, sahihi haitalingana, na programu ya kukagua itaikataa papo hapo.

Ndugu msomaji, zitazame tena nguzo hizo nne ukikumbuka shimo letu la mchanga. Tamko tulikuwa nalo, kwa sababu jina la mwenzangu na zamu yake vilikuwa kwenye orodha. Mwangalizi tulikuwa naye, na bendera nyeupe akainua. Tepu ilikuwa njiani inakuja. Lililokosekana ni muhuri: hakukuwa na mtu wa kuilinda alama ya mguu mpaka ipimwe. Na mwenye reki alikuwa mimi.

MBONA SHERIA KALI HIVI?

Wengine darasani waliniambia huu ni ukaidi wa Wazungu wenye muda wa kupoteza. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofanya hesabu ndogo. Chukua glaida ya mita 40 kwa 1. Mwombe mwenye ndege ya kuvuta akuvute hadi mita 1,250 juu, kisha akuachilie. Zidisha 1,250 kwa 40, utapata mita 50,000, yaani kilomita 50 kamili. Umefika umbali wa beji ya Fedha ukiwa umeshika usukani tu, umelala usingizi! Hukutafuta hewa moto, hukuonyesha ujuzi wowote.

Kwa hivyo sheria inasema tofauti ya kimo kati ya kuanza na kumaliza isizidi asilimia 1 ya safari hiyo. Kwa kilomita 50 ni mita 500. Mita 500 zitakupeleka kilomita 20 tu. Zile 30 zilizobaki lazima uzitafute mwenyewe kama tai. Ni vivyo hivyo na kupanda mita 1,000. Hazihesabiwi kutoka ardhini, kwa sababu kamba ilikubeba. Ukiachiliwa mita 600, ukashuka hadi 500, kisha ukapanda hadi 1,500, hapo ndipo unaandikiwa 1,000. Kila sheria ina mwizi wake aliyeisababisha, au angalau mwizi aliyewazwa.

Na wanariadha wetu wanaijua sheria hii vizuri. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alishinda mbio za Boston kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuukimbia katika marathoni. Haukuwa rekodi ya dunia. Njia ya Boston inatoka mji mmoja hadi mwingine na inateremka zaidi ya mita 100, na sheria ya rekodi inaruhusu mteremko wa mita 1 kwa kila kilomita. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alikimbia Vienna kwa saa 1:59:40, dunia nzima ikitazama kwenye runinga. Nao haukuandikwa kuwa rekodi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na wasaidizi wa mwendo walikuwa wakibadilishana njiani. Lakini marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, kila kitu kilikaguliwa, na Februari 2024 ikaidhinishwa kuwa rekodi ya dunia. Siku chache baadaye alifariki katika ajali ya gari. Mwili umekwenda, maandishi yamebaki. Huo ndio uzito wa kuandika.

TAI ALIYEWEKA REKODI BILA KUJUA

Nilipokuwa nikitafuta habari hizi nilikutana na kisa kimoja kilichonishangaza. Tarehe 29 Novemba 1973, ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka juu ya Abidjan, nchini Kodivaa, iligongana na ndege wa porini. Injini moja iliharibika na ikabidi izimwe, lakini ndege ikatua salama. Kipimo cha rubani kilionyesha walikuwa futi 37,000 juu, yaani kama mita 11,300. Manyoya yaliyokutwa yalipelekwa kwa wataalamu wa makumbusho huko Marekani, nao wakatambua kuwa ni ya tai wa aina ya Rüppell. Jamaa zake wako hapa kwetu. Hutaga mayai kwenye majabali kama yale ya Hell's Gate karibu na Naivasha.

Huenda tai wengine wamepanda juu kuliko yule. Hatujui, na hatuwezi kudai. Yule mmoja anajulikana kwa sababu palikuwa na kipimo, palikuwa na shahidi aliyesoma kipimo hicho, na palikuwa na manyoya ambayo mtu hakuyafagia na kuyatupa.

Pana jambo jingine zuri nililolipenda. Kule Bitterwasser katika jangwa la Kalahari, Namibia, marubani wa glaida hukusanyika kutoka nchi nyingi kwa sababu hewa ya pale hupanda kwa nguvu. Rubani akikamilisha kilomita 1,000 kwa mara ya kwanza, hupanda mtende. Sasa kuna njia nzima yenye mitende pande mbili. Lakini mtende hupandwa baada ya safari kuthibitishwa, si kabla.

YANATUHUSU NINI SISI?

Utasema, "Kinakomba hakuna glaida." Ni kweli. Lakini ushahidi upo, au haupo. Wazee wetu hubishana hadi usiku kuhusu mafuriko ya Tana. Mmoja husema ya mwaka 1961 ndiyo makubwa kupita yote. Mwingine husema hapana, ya El Niño ya 1997. Kuhusu 1961 hawajapatana mpaka leo, maana kila mmoja anaonyesha kwa mkono wake. Kuhusu 1997 hakuna ubishi nyumbani kwetu. Babu alichukua panga akakata alama kwenye mwembe pale maji yalipofika, akamwita jirani aone. Maji ya mwaka 2024 yalipokuja, tulikwenda moja kwa moja kwenye mwembe ule kupima. Yalifika kiganja kimoja chini ya alama. Babu hakuwahi kusoma kitabu cha FAI, lakini kipimo alikuwa nacho, shahidi alikuwa naye, na muhuri wake ulikuwa gome la mti.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu kwa idara ya michezo ya shule yetu. Kwanza, mwenye reki asiingie shimoni mpaka mwenye tepu aseme "nimeandika". Pili, kipimo kisomwe na watu wawili, na wote watie sahihi daftarini papo hapo. Tatu, mashabiki wakae nyuma ya kamba. Gharama yake ni daftari moja na kamba ya katani.

Mwenzangu sasa yuko kidato cha nne na amebakiwa na msimu mmoja tu. Nilimwomba msamaha mara ya tatu wiki iliyopita. Akaniambia, "Reki utashika wewe tena." Nilidhani ananicheka. Akasema, "La, nataka wewe. Wewe huwezi kusahau."

Basi nitaishika. Na nitasimama pale kama nguzo, hata shule nzima ikipiga kelele, mpaka wino ukauke.

Tamati.